Pale Reli Ilipopinda

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuchora ramani za mji huu, hudhani nilikuwa nakaa kwenye kiti chenye mto, nachovya kalamu kwenye wino na kupuliza karatasi ikauke. Huwa nawaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba kazi ile ilikuwa ya miguu, ya shingo, na ya macho yanayochomwa na jua, na mtu mwenye akili zake angekwenda kulima tumbaku. Mimi sikuwa na akili hiyo. Nilikuwa na mwandiko mzuri, nilijua kuzidisha na kugawanya, na baba yangu aliamini kwamba kijana aliyesomeshwa na mapadri akirudi kushika jembe ni aibu ya ukoo.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili, Waingereza bado wanatutawala, na malori yameanza kujaa Tabora. Mji wenyewe haukujengwa kwa ajili ya malori. Mitaa ilikuwa ya miguu, ya punda na ya baiskeli, na lori moja likikutana na jingine, dereva mmoja ilibidi arudi kinyumenyume hadi alikotoka. Ndipo wakubwa walipoikumbuka reli ya toroli.

Sisemi ile reli kubwa ya treni inayokwenda Kigoma na Mwanza. Nasema ile nyembamba iliyotandikwa mitaani tangu enzi za Wajerumani, ya kupitishia vigari vya chuma vilivyosukumwa na watu, magunia yakitoka stesheni kwenda sokoni na kwenye maghala. Nilipoanza kazi, toroli zilikuwa zimeacha kupita. Reli ilikuwa imefukiwa nusu na mchanga, na watu waliikumbuka tu walipotaka kunolea panga au walipojikwaa. Wakubwa waliamua ing'olewe, chuma kikatumike kwingine, na pale ilipopita pawe ndipo katikati ya barabara mpya ya malori, futi ishirini upande huu na futi ishirini upande ule. Lakini kabla haijang'olewa, ilitakiwa ipimwe na kuchorwa, tupajue kila mahali ilipolala ndani ya mitaa. Ikishatolewa, hakuna atakayeweza kuionyesha tena kwa kidole. Itabaki ramani.

Kazi hiyo nilipewa mimi. Nilipewa futikamba, mnyororo wa kupimia wa futi mia, fito tatu zilizopakwa nyekundu na nyeupe, daftari, vibarua wawili wa kuvuta mnyororo, na mtani wangu.

Kwanza niseme juu ya reli, maana watu hudhani reli ni kitu kilichonyooka. Ile haikunyooka. Mtaa mmoja ilipita katikati, kana kwamba mtaa ni wake. Mtaa wa pili ilihamia ubavuni, ikabanana na baraza za maduka hata mwenye duka alikuwa akikanyaga chuma anapotoka mlangoni. Penye maghala iliacha njia kabisa, ikapenya uani kwa watu, ikapita nyuma ya choo cha mtu mmoja aliyekuwa mkali sana kwa jambo hilo, kisha ikarudi mtaani. Bwana mpima, Mwingereza aliyekuwa mkubwa wetu, alitaka kila hali iwe na alama yake: mstari mzito ikiwa katikati ya njia, mwepesi ikiwa ubavuni, wa nukta nukta ikiwa imeacha njia. Mara ya kwanza nilidhani Wajerumani waliitandika wakiwa wamelewa. Baadaye nikaelewa kwamba waliifuata njia ya zamani ya misafara. Wapagazi walikwenda mmoja nyuma ya mwingine, mzigo kichwani. Wa mbele akikuta gogo, analizunguka, na mia mbili walio nyuma yake wanazunguka. Gogo likishaoza, watu bado wanazunguka, kwa sababu mguu wa mtu aliyechoka haubuni njia. Mjerumani alikuta mtaa umepita hivyo, akatandika chuma humo humo.

Sasa mtani wangu. Yeye alikuwa Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na asiyejua maana ya hilo aulize wakubwa wake. Utani wetu ni wa tangu misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na pembe, wakilala kwao, wakila kwao, na mara nyingine wakizikwa kwao. Mtani anaweza kukuvua kofia njiani na kwenda nayo. Anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya mkeo na kumaliza chakula chako, nawe ukikasirika basi mwenye kosa ni wewe. Huyu alikuja na kazi za reli, akaoa huku, akabaki. Alikuwa mrefu, mkavu, na sauti yake ilisikika mitaa miwili. Kila asubuhi salamu yake ilikuwa moja.

“Mnyamwezi! Mzigo wako uko wapi leo? Au umeutua bila ruhusa yangu?”

“Nimeuacha kwenu,” namjibu, “Wazaramo wameuangalia tu, hakuna wa kuunyanyua.”

Kazi tuliifanya hivi. Vibarua wanatandaza mnyororo ukanyooka ukingoni mwa mtaa. Kila baada ya futi ishirini mtani wangu anatoka na futikamba kutoka kwenye mnyororo mpaka kwenye reli, anaita idadi ya futi, mimi naandika. Kanuni ilikuwa kwamba mwenye daftari asimame palepale, aone kwa macho yake ndipo aandike. Kanuni hiyo tuliishika siku mbili tatu. Halafu jua likatushinda.

Yeye naye hakuweza kuita namba kama mtu mzima. Ilikuwa lazima kwanza aitanie. “Futi elfu mbili na kuku mmoja!” anapiga kelele, wapita njia wanageuka. Nasubiri. Halafu: “Haya, kumi na moja.” Naandika kumi na moja. Au: “Futi nne, haki ya Mungu, nimekula kiapo, nne!” Nasubiri. “Kumi na nne, Mnyamwezi, amka.” Wiki nzima tulikwenda hivyo. Uongo kwanza, kisha kweli, na katikati kicheko. Sikuona ubaya wake. Kusema kweli, bila ule mzaha nisingemaliza hata mtaa mmoja.

Wiki ya tatu nilitoka kitandani kwa homa nikarudi kazini kabla haijaniacha sawasawa. Siku hiyo tulifika mtaa mrefu unaotoka upande wa Kwihara, wenye maduka ya matofali upande mmoja, na upande wa pili nyumba za udongo za wenyeji. Mnyororo tuliutandaza upande wa maduka. Upande wa udongo, nyumba moja ilikuwa imesogea mbele kuliko zile nyingine. Hapo alikaa mjane mmoja, mama mtu mzima, Mmoraviani, aliyeuza michembe. Viazi alivikata mwenyewe na kuvianika kwenye mikeka mbele ya baraza yake, na asubuhi ile tulipopita alituita.

“Shikamoo, mayo,” nilimwamkia, nikimwita mama kwa Kinyamwezi.

“Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi? Kaa ule kidogo.”

Tulikula michembe yake na maji ya mtungi, tukamshukuru, tukaendelea. Alibaki barazani akigeuza viazi vyake.

Mimi nilikwenda kukaa kwenye ngazi ya duka moja, hatua kama hamsini nyuma yao. Kati yangu na wao lilisimama lori la ngozi za ng'ombe, linanuka vibaya, lakini lilikuwa na kivuli. Niliegemeza kichwa ukutani, daftari gotini. Nikawaambia wapige kelele tu, nitasikia. Siku hiyo nilipima kwa masikio.

“Ishirini!” akaita. Nikaandika ishirini.

“Ishirini!” Nikaandika.

“Kumi na nne!” Nikatabasamu, nikasubiri. Hakusema kitu kingine.

“Saba!” Nikacheka.

“Saba tena! Mnyamwezi, saba, haki ya Mungu!”

“Nimesikia!” nikamjibu kwa kelele, bado nacheka. “Na kuku mmoja!”

“Kumi na nne! Ishirini! Ishirini!”

Nikaandika ishirini, ishirini, ishirini, ishirini, tangu mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Nilikuwa nimeiona reli ile kwa mbali ikiingia mtaani na kwa mbali ikitoka, na pote pawili ilikuwa futi ishirini. Nikajiambia mzaha wake leo umekuwa mrefu kwa sababu anajua ninaumwa, anataka kunichangamsha. Nilimpenda kwa hilo. Hatua hamsini sikuzitembea.

Ofisini nilichora mtaa ule kwa mstari mzito mmoja, safi, bila kupinda. Bwana mpima aliinama juu ya meza, akapitisha rula.

“Hapa angalau walijua kazi,” akasema. “Umechora vizuri.”

Alikuwa mchache wa sifa, na mimi nilikuwa na njaa ya sifa hizo. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa na furaha.

Wiki iliyofuata reli iling'olewa. Vibarua waliivuta pamoja na mataruma yake, yale mabamba ya chuma yaliyoibeba, yamejaa kutu, wakaipakia, ikaenda zake. Mvua zikanyesha, mashimo yakajaa tope, watu wakayasawazisha kwa miguu yao. Baada ya hapo kundi jingine likapita kupima nyumba, na vipimo vyao vikawekwa juu ya ramani yangu.

Mjane alinijia mwanzoni mwa kiangazi. Alinikuta nyumbani kwangu, mchana, nimekaa nje. Alikuwa amefunga kanga mbili na ameshika bahasha ya serikali. Alikataa kiti, akakaa kwenye jamvi pamoja na mke wangu.

“Nisomee, mwanangu,” akasema. “Wewe unajua mambo yao.”

Barua ilikuwa na mikunjo mingi, imelegea kama kitambaa. Niliisoma kimya kwanza, halafu nikatamani nisingejua kusoma. Ilisema kwamba kwa mujibu wa ramani, ukuta wa mbele wa nyumba yake uko futi kumi na sita kutoka ukingo wa mtaa upande wa maduka, hali reli ilipita futi ishirini. Kwa hiyo nyumba imejengwa juu ya njia ya reli, bila kibali, baada ya toroli kuacha kupita. Yeye ni mvamizi wa ardhi ya barabara. Nyumba itavunjwa, na kwa kuwa ni mvamizi, hatapewa kiwanja kingine wala kitu chochote.

“Wanasemaje?” akauliza.

Nikamwambia, nikiruka neno mvamizi. Akanitazama.

“Mimi nimejenga juu ya reli?” akasema. “Babu wa marehemu mume wangu alikuwa hapo akiwauzia chakula wapagazi. Misafara ilikuwa inaizunguka nyumba yake. Wajerumani walipokuja nao wakazunguka, reli ikapita kule ng'ambo, inagusa baraza za maduka. Nyumba ikianguka tunaijenga palepale. Reli ndiyo iliyotukuta sisi.”

Hapo ndipo niliposikia ile saba. Niliisikia waziwazi, kwa sauti ya mtani wangu, pamoja na kile kiapo, na pamoja na kicheko changu. Mwili wangu ukawa baridi. Mke wangu aliniuliza kama homa imerudi, nikasema ndiyo.

Mjane alikuwa bado ananitazama. “Utanisaidia nini?” akauliza taratibu.

“Nitaangalia, mayo,” nikasema. “Nitaangalia ofisini.”

“Haya,” akasema. Aliikunja barua yake, akaaga, akaondoka.

Sikuangalia. Kwa siku nane nilikwenda kazini na kurudi, na mdomo wangu haukufunguka. Sina la kujitetea. Niliogopa kazi itaota mbawa, na mke wangu alikuwa mjamzito, na baba yangu alikuwa akinitaja kwa wageni. Hizo zote ni kweli na hakuna hata moja iliyotosha. Nilichoka kwa namna ambayo usingizi hauiponyi. Nilikuwa naamka nimechoka, nala nimechoka, nikimwona mtu yeyote mwenye kanga mbili njiani nabadilisha njia.

Siku ya tisa mtani wangu aliingia uani kwangu. Hakuniuliza mzigo wangu uko wapi. Alisimama.

“Nimepita kwa yule mama,” akasema. “Ameambiwa reli ilipita futi ishirini. Wewe uliandika ngapi pale?”

“Ishirini.”

“Mimi niliita ngapi?”

“Saba.”

“Niliita mara mbili. Nikaapa.”

“Nilidhani unanitania,” nikasema. “Umeniapia mara mia, bwana, kwa uongo.”

Alikaa chini sasa, akashika kichwa chake chembamba kwa mikono miwili. Nilidhani ataniporomoshea matusi, na ningeyapokea kama chakula.

“Basi tumekosea wawili,” akasema mwishoni. “Lakini kalamu ilikuwa yako. Na siku nane hizi ni zako peke yako.”

Asubuhi iliyofuata tulikwenda pamoja kwa Bwana mpima. Nilisema yote, nimesimama mbele ya meza yake: ngazi ya duka, lori la ngozi, saba. Alisikiliza akizungushazungusha penseli. Alikuwa mtu mwenye macho mekundu ya mavumbi na ramani nyingi; kwa mara ya kwanza niliona kwamba naye amechoka.

“Kwa nini udhani mwenzako anakutania kazini?” akauliza.

Nikajaribu kumweleza utani. Mtani wangu akaongeza misafara, mazishi, na kofia. Bwana mpima alimtazama yeye, akanitazama mimi, na sisi wenyewe tulipojisikia tukaona aibu.

“Ramani imekwenda Dar es Salaam na imerudi na mhuri,” akasema. “Na kama reli ilikuwa futi saba, basi futi ishirini za upande wa pili zinaingia ndani ya maduka ya matofali. Unataka nikavunje maduka matano kwa ajili ya nyumba moja ya udongo?” Akaiweka penseli chini. “Ukweli ni kwamba kosa lako limetunyooshea barabara. Huko juu wameipenda.”

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na sijasikia maneno yaliyonichosha kuliko hayo. Nilikuja nikiwa tayari kufukuzwa, nyumba ya mtu ikapone. Kumbe nilikuwa nimewafanyia kazi waliyoitaka.

“Basi barua ibadilishwe, bwana,” nikasema. “Asiitwe mvamizi. Nyumba ilikuwepo kabla ya reli. Mkiivunja, mpeni kiwanja na vifaa vya kujengea, kama mtu yeyote mwenye haki yake.”

“Nani atathibitisha? Reli haipo.”

“Ardhi ipo,” mtani wangu akasema.

Tulikwenda wote watatu na jembe. Tulitandaza mnyororo palepale upande wa maduka. Mtani wangu alipima futi saba, akavua shati, akachimba mwenyewe, hakutaka kibarua. Majirani walikusanyika. Mjane alitoka akasimama barazani kwake. Tope la juu lilikuwa jeusi. Chini yake kiasi cha kiganja udongo ukawa mwekundu wa kutu, mstari baada ya mstari, kila mahali palipolala taruma, ukifuata mzunguko mbele ya nyumba yake. Alitoa kipande cha chuma kilichovunjika, akakiweka mbele ya viatu vya Bwana mpima.

“Saba,” akasema, kwa sauti ya kawaida.

Barua mpya ilitoka wiki ile. Ilisema palikuwa na makosa ya vipimo, kwamba mwenye nyumba si mvamizi, na kwamba atapewa kiwanja upande wa Chemchem, nguzo na bati. Haikusema makosa ya nani. Yangu yaliandikwa kwenye barua nyingine, kali, ikawekwa kwenye jalada langu ofisini. Kazini sikufukuzwa, kwa sababu ya ule unyoofu walioupenda.

Nyumba ilivunjwa siku ya Jumatatu. Mtani wangu na mimi tulimhamishia vyombo vyake kwa mkokoteni, safari tatu: kitanda cha kamba, kinu, mitungi, mikeka ya michembe, picha ya marehemu mumewe katika fremu. Njiani nilimchokoza mtani wangu mara mbili. Nilimwambia Mzaramo hajui kusukuma mkokoteni, anadhani ni mnazi. Alisema, “Tuangalie gurudumu, bwana.” Kwa miaka niliyomjua hakuwahi kuniita bwana. Nilielewa kwamba utani wetu umekwisha, na kwamba hakuukatisha kwa hasira. Aliogopa tu kusema kitu mbele yangu ambacho si kweli.

Huko Chemchem kiwanja kilikuwa kichaka kitupu. Ilibidi kipimwe kabla ya kuchomeka nguzo, na mimi ndiye niliyetumwa kukipima. Mjane alikaa juu ya kinu chake kilicholazwa, katikati ya vitu vyake, akitutazama. Mtani wangu alivuta futikamba hadi kigingi cha kwanza.

“Arobaini,” akaita.

Nikaweka kalamu chini, nikatembea mpaka kwake, nikainama, nikaangalia. Ilikuwa arobaini. Nikarudi, nikaandika.

“Sitini.”

Nikaenda tena. Ilikuwa sitini. Nikarudi. Jua lilikuwa kali, na kati ya kigingi na kigingi palikuwa na miiba.

“Mwanangu,” mjane akaniita. “Mbona unajichosha? Mwenzako akisema, wewe andika.”

Nikamwendea. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia kwamba makosa ya vipimo yaliyotajwa kwenye barua yalikuwa yangu. Nikamwambia nilikaa kivulini, niliitiwa saba, nikacheka, nikaandika ishirini. Ilinichukua muda mfupi sana kuyasema yote, mfupi mno kwa jambo lililonilemea hivyo.

“Najua,” akasema.

“Nilikuwa barazani nageuza viazi. Nilimsikia huyu akiita saba, akiapa. Nikakusikia wewe kule nyuma ya lori unacheka. Barua ilipokuja, mwinjilisti wetu alinisomea siku ileile, na aliponisomea ishirini nikajua imetoka wapi.” Alipangusa vumbi kwenye fremu ya mumewe kwa ncha ya kanga. “Nilikuletea nyumbani kwako wewe useme. Nikangoja wiki nzima. Ungesema mapema hata kuta zangu labda zisingepona, mimi si mtoto, nayaona maduka yale. Lakini ile wiki nisingeimaliza nikipita sokoni nikiitwa mwizi wa barabara, na mtu aliyekula viazi vyangu anajua mimi siye.”

Mtani wangu alikuwa amesimama kando ya kigingi cha pili, futikamba mkononi, anatazama chini.

“Tuendelee, bwana?” akauliza.

Mjane akaniashiria kwa mkono niinuke. Nikainuka, tukaendelea kupima.